Jani Moja au Majani Kumi na Moja?

Wenzangu wa ualimu, nataka niwasimulie kosa langu, maana naamini wengi wetu tutalifanya.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya sekondari hapa Unguja. Somo lilikuwa aina za majani. Niliingia darasani na tawi la mkarafuu na tawi la mtungule. Nikanyanyua kipande cha mtungule: "Haya, hapa kuna majani mangapi?" Wakahesabu, wakafika kumi na moja.

Nikawaambia hapana, hilo ni jani moja lililogawika. Ushahidi ni kichipukizi. Kichipukizi hukaa kwapani mwa jani, pale jani linapoungana na shina. Kwenye vile vipande vidogo hukikuti. Waliolima tungule wakaelewa mara moja, maana ndicho kile tunachokikata ili mmea usisambae ovyo. Hadi hapo nilikuwa salama.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Jani limejuaje kama ligawike?"

Msimamizi wangu alikuwa amekaa pembeni anaandika. Nikaona haya kunyamaza, nikajibu haraka: "Mtungule una jeni za kugawa jani, mkarafuu hauna." Kijana akaandika kwenye daftari lake. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua nimejibu ili nipite tu.

Nikarudi kusoma, na hiki ndicho nilichokikuta.

Seli zote za mmea mmoja, za mzizi, za ua na za jani, zina jeni zile zile. Tofauti ni jeni gani inafanya kazi, wapi na wakati gani. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima nyengine. Tuziite jeni simamizi. Ni kama fundi mkuu kwenye ujenzi: yeye hanyanyui tofali, lakini akisema "endeleeni" ukuta unapanda, akisema "basi" watu wanaanza lipu.

Kwenye ncha ya shina kuna seli changa zinazogawanyika bila ya kuamua zitakuwa nini. Kundi la jeni simamizi liitwalo KNOX ndilo linalozishikilia katika hali hiyo. Neno lake ni "bado". Jani lenye bapa moja linapoanza kuota, KNOX huzimwa mahali pale na hubaki zimezimwa. Seli zinaamua mapema, jani linatoka zima. Kwenye jani changa la mtungule, KNOX zinafanya kazi. Kingo za jani zinabaki changa kwa muda zaidi, na kwa muda huo zinapata nafasi ya kuchomoza vipande.

Watu wamejuaje? Kwanza kwa mahindi. Kuna mahindi ambayo majani yake yana mafundofundo kando ya mishipa. Mwaka 1991 jeni inayohusika, Knotted1, ilitambuliwa. Haikuwa imekufa, ilikuwa imewaka ndani ya jani, mahali inapotakiwa kuzimwa. Mwaka 1996 watafiti waliitia jeni hiyo ya mahindi kwenye mtungule, na jani likagawika mamia ya vipande. Sasa tazama: jeni ni moja, lakini kwenye mahindi imeleta mafundo na kwenye mtungule imeleta vipande. Kwa hiyo jeni simamizi haibebi picha ya jani. Inatoa amri tu, na matokeo yanategemea amri imefika wapi.

Tena njia si moja. Njegere nayo ina jani la vipande, lakini haitumii KNOX. Inatumia jeni nyengine, UNIFOLIATA. Ikiharibika hiyo, jani linabaki na vipande vichache au kimoja tu.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa la uongo. Mkarafuu nao una KNOX. Ingekuwa hauna, ncha zake zingewezaje kuendelea kutoa majani mapya?

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Nilichokwambieni juzi kifuteni." Wengine wakacheka. Yule kijana akafungua daftari, akapiga mstari, akaandika upya. Kisha mkono juu tena: "Sasa Mwalimu, na hizo KNOX nani anazizima?"

Nikamwambia kuna jeni nyengine, mojawapo inaitwa ASYMMETRIC LEAVES1, inayozizuia zisiwake ndani ya jani. Na hiyo nayo nani anaisimamia? Nikamjibu hapo nilikuwa bado sijafika, nikaliandika swali pembeni ya ubao, na jina lake chini yake. Msimamizi siku hiyo hakuwepo.