Dipositi ya Mteja Bado Si Pesa Yako: Somo la Mabegi ya Kulalia

Kuna swali moja ambalo mafundi na wafanyabiashara wadogo hutuuliza mara kwa mara: "Nimepata oda kubwa, mteja ametuma nusu kwa simu. Sasa naanza kazi, si ndio?" Jibu letu huwa: ngoja kidogo. Leo tutaeleza kwa nini, kwa kufuata bidhaa moja kutoka kitambaa hadi malipo ya mwisho.

Tumechagua begi la kulalia. Fundi wa mjini Nakuru anayeshona sare za shule anajua vizuri ile miezi ambayo cherehani inakaa tu. Na wateja wa kambi wako karibu naye: wanaopanda Longonot wikendi, wanaolala Hell's Gate, vijana wa kanisa, maskauti, na umati unaomiminika Naivasha wakati wa Safari Rally. Wengi wao hununua begi la mitumba au huazima. Kwa hivyo nafasi ipo. Lakini ni bidhaa inayokula pesa kabla haijarudisha hata shilingi, na hapo ndipo watu huumia.

Fundi wetu hapa ni wa mfano tu, na bei ni za kufanyia hesabu. Za kwako zitakuwa tofauti.

Usishone aina tatu kwa mara moja

Kosa la kwanza ni kutaka kumhudumia kila mtu. Tazama eneo lenyewe. Ziwa Baringo liko chini, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850. Ukingo wa Menengai unapita mita 2,200, kilele cha Longonot ni mita 2,776, na Point Lenana kule Mlima Kenya ni mita 4,985. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Kutoka Nakuru hadi Lenana unapanda zaidi ya mita 3,100, yaani baridi inaongezeka kwa nyuzi 18 au zaidi. Hakuna begi moja linaloweza kufaa kote huko.

Kwa hivyo mpango kamili una aina tatu: jepesi la Baringo na Bogoria, la kati la Naivasha, Longonot na Menengai, na zito la Aberdare na Mlima Kenya. Ushauri wetu ni uanze na la kati peke yake. Wateja wake ndio walio karibu, na unaweza kulijaribu mwenyewe bila kusafiri mbali. Lile zito liache kabisa kwanza. Mabegi ya kiwandani yanayoandikwa kiwango cha baridi hupimwa kwa sanamu yenye vipasha joto ndani ya chumba cha baridi, kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 23537. Wewe huna chumba hicho. Ukibandika lebo ya "nyuzi 10 chini ya sifuri" kwa kukisia, kuna mtu atakuamini akiwa mlimani, na hiyo si hasara ya pesa tena.

Sampuli nne, na jerikeni mbili

Sampuli ya kwanza ya fundi wetu ilionekana nzuri sana mezani. Alichukua nailoni kwa nje, kitambaa laini kwa bitana, akaweka faiba ya kujazia mito katikati, halafu akapiga mistari ya cherehani kupitia vyote vitatu ili faiba isihame. Usiku baridi ilimpata kwenye kila mstari. Pale uzi unapopita faiba imebanwa, hakuna hewa iliyonaswa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Dawa yake ni kutumia tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene: moja ishikwe kwenye nailoni, nyingine kwenye bitana, na mistari yake ipishane.

Sampuli ya pili ilivuja baridi kupitia zipu. Alishona mkunjo wa kitambaa uliojazwa faiba nyuma ya zipu, tatizo likapungua. Ya tatu ilikuwa pana mno, na mwili ukawa unapasha hewa tupu. Ya nne ndiyo iliyokubalika. Hata hiyo haina maana bila mkeka chini, kwa sababu faiba unayoilalia inabanwa na uzito wako na haikukingi na baridi ya ardhi. Mweleze mnunuzi jambo hili kabla hajalipa, asije akarudi kulalamika.

Jaribio la nyumbani halina gharama. Chukua jerikeni mbili za lita 5 zinazofanana, zijaze maji ya moto ya kiwango kimoja, moja uiweke ndani ya sampuli ya zamani na nyingine ndani ya mpya, kisha uziache nje usiku. Asubuhi pima joto la maji. Namba hizo ziandike kwenye daftari lile lile la pesa.

Na kwa nini faiba, si manyoya ya bata? Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi, lakini yakilowa yanalala na kupoteza joto lake. Faiba ikilowa hupoteza kidogo. Jambo hili lina uzito kwetu: Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilifanyika Juni, na ikabaki Juni kwa miaka mitatu. Mwaka 2024 ikahamia mwishoni mwa Machi, karibu na mvua ndefu. Aliyekuwa amezoea kujaza stoo Mei akisubiri Juni alipitwa na soko lake.

Hesabu ambayo dipositi inaificha

Begi la kati, kwa mfano wetu: nailoni sh. 560, bitana 360, faiba 600, zipu 200, uzi na kamba 80. Vifaa jumla ni sh. 1,800. Mshonaji 400. Tumefika 2,200. Sampuli nne zilikula sh. 8,800, na wengi husahau kuirudisha pesa hiyo. Ukiigawa kwa mabegi 40 ya kwanza, kila moja linabeba 220. Gharama halisi sasa ni 2,420. Ukiuza 3,200 unabaki na 780 kwa kila begi, kabla ya usafiri na ada za kutuma na kutoa pesa.

Sasa shule moja inaagiza mabegi 40. Jumla ni sh. 128,000. Mwalimu anatuma nusu, 64,000. Simu inalia, moyo unafurahi. Lakini vifaa vya mabegi 40 ni sh. 72,000. Nusu hiyo haitoshi hata kununua vifaa! Elfu 8 inayopungua itatoka mfukoni mwako, pamoja na 16,000 za mshonaji. Asilimia 60, yaani 76,800, ingefunika vifaa na kubakisha kidogo. Kwa hivyo usiombe "nusu" kwa mazoea tu. Anza na gharama ya vifaa, kisha utaje dipositi.

Je, mteja akijiondoa katikati? Si jambo geni. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuuza begi la kulalia alikuwa Pryce Pryce-Jones wa Newtown, Wales, aliyelipatia hataza mwaka 1876. Lilikuwa blanketi la sufu la kujikunja ndani yake, lenye mto wa kujaza hewa, na aliliuza kwa njia ya posta. Jeshi la Urusi liliagiza kwa maelfu wakati wa vita vya 1877. Mji wa Plevna ulipoanguka, oda iliyobaki ikafutwa, na inasimuliwa kwamba aliachwa na mabegi 17,000 stoo. Aliokoka kwa sababu alikuwa na orodha ya wateja wengine wa kuwauzia, ikiwemo mashirika ya kusaidia maskini. Fundi mwenye mteja mmoja hana mlango huo.

Kwa sababu hiyo, dipositi ikiingia ihamishe siku hiyo hiyo kutoka laini unayonunulia unga hadi akaunti ya akiba au laini ya biashara, na uitoe kununua vifaa vya oda hiyo peke yake. Kabla hujakata kitambaa, mwandikie mteja ujumbe mfupi: idadi, bei, tarehe ya kuchukua, na kiasi gani kitarudishwa akighairi. Akijibu "sawa", usiufute ujumbe huo.

"Mama, nimetuma zaidi kimakosa"

Oda kubwa huvutia matapeli. Unapata ujumbe kwamba umepokea sh. 84,000, kisha simu: "Mama, samahani, nilikuwa nitume 64,000, nirudishie 20,000 haraka, gari la shule linasubiri." Ujumbe unafanana na wetu, hata maneno. Lakini pesa haipo.

Usisome ujumbe, soma salio. Fungua menyu au programu yako mwenyewe na uangalie kama pesa imeingia. Hata ukikuta imeingia kweli, usiitume wewe kwenye namba anayokutajia. Mjibu kwa heshima: "Mwalimu, tafadhali omba kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, nami nitakubali." Aliyekosea kweli hatakataa. Tapeli atapandisha sauti, au ataomba namba yako ya siri "ili asaidie". Sisi hatuombi namba hiyo kamwe, kwa simu wala kwa ujumbe.

Siku ya kukabidhi mabegi, utaratibu ni ule ule. Mwalimu analipa pesa zilizobaki kwenye namba yako ya biashara, anasoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, wewe unaangalia salio lako, halafu ndipo mabegi yanapanda gari.