Udongo wa Milima ya Baridi na Ugonjwa wa Rovu

Hewa ya milimani ni safi, maji ya chemchemi zake ni maangavu, na udongo ulio chini ya miti yake mara nyingi ni mweusi wa kupendeza. Hata hivyo, kwa karne nyingi wakazi wa milima mingi duniani waliishi na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo ambao wengi huuita goita. Chanzo chake kikuu kilikuwa upungufu wa madini joto, au iodini, katika ardhi iliyowalisha. Somo hili linaeleza sifa za udongo wa milima yenye baridi kwa mfano wa milima ya Alps barani Ulaya, kisha linaonyesha yanayomhusu mgonjwa na mhudumu wa afya.

Jinsi udongo huo unavyojengeka

Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda mlimani, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi. Katika baridi hiyo, bakteria na kuvu wanaoozesha takataka za mimea hufanya kazi polepole. Majani membamba ya misonobari hulundikana juu ya ardhi kwa miaka mingi, yakafanya tabaka la mboji changa lenye asidi kali. Theluji inapoyeyuka, maji hupenya tabaka hilo, huchukua asidi yake, na kuteremka nayo huku yakiyeyusha chuma na alumini zilizomo udongoni.

Anayechimba shimo katika msitu wa namna hiyo mara nyingi hukuta tabaka tatu. Juu ni mboji nyeusi. Chini yake ni udongo wa kijivu uliopauka kama majivu, kwa kuwa umeoshwa madini yake. Na chini zaidi ni udongo wa rangi ya kutu, mahali ambapo chuma kilichoteremshwa kimetua. Wataalamu huuita podizoli, neno lenye asili ya Kirusi linalodokeza majivu yaliyo chini.

Sifa nyingine ni uchanga na wembamba. Katika zama za barafu, zilizokwisha takriban miaka 11,700 iliyopita, mito mikubwa ya barafu ilikwangua udongo wa kale wa Alps na kuacha mwamba mtupu. Udongo wa leo umejengeka baada ya hapo, na katika miteremko mikali mvua na maporomoko huendelea kuupunguza.

Safari ya madini joto

Hazina kubwa ya madini joto inayozunguka juu ya uso wa dunia imo baharini. Sehemu ndogo yake hupaa hewani, husafiri na upepo, kisha hurudi ardhini pamoja na mvua na theluji. Udongo huyakusanya kidogo kidogo, kwa maelfu ya miaka. Hapo ndipo sifa zilizotajwa huungana: udongo mchanga haujapata muda wa kukusanya kiasi cha kutosha, ulio mbali na bahari hupokea kidogo, na ulio mtelemkoni huoshwa mara kwa mara.

Lipo jambo jingine ambalo huwapotosha wengi. Mboji yaweza kuwa na madini joto, lakini huyashika kwa nguvu kiasi kwamba mizizi ya mimea hupata machache. Kwa hiyo weusi wa udongo si ushahidi wa utoshelevu wake. Viazi hustawi, ng'ombe hutoa maziwa, na mlaji hushiba, huku tezi yake ya shingo ikibaki na njaa.

Fundisho la Uswisi

Nchini Uswisi rovu lilikuwa jambo la kawaida, na katika baadhi ya mabonde walizaliwa watoto viziwi, wafupi na wenye akili iliyodumaa. Mwaka 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva alianza kutibu rovu kwa iodini, lakini dozi kubwa ziliwadhuru baadhi ya wagonjwa na tiba hiyo ikaogopwa. Baadaye mpasuaji Theodor Kocher wa Bern alibaini kwamba wagonjwa walioondolewa tezi yote hupooza mwili na akili. Kazi yake juu ya tezi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Kisu, hata hivyo, hakingeweza kukomesha ugonjwa unaotoka ardhini. Mwaka 1918, daktari Otto Bayard aliwapa familia chache za kijiji cha Grächen chumvi iliyochanganywa na madini joto kwa kiasi kidogo mno, na marovu yakaanza kunywea. Mwaka 1922, kwa juhudi za daktari Hans Eggenberger, jimbo la Appenzell Ausserrhoden lilianza kuuza chumvi ya namna hiyo kwa wananchi. Udongo wa Alps haukubadilika. Kilichobadilika ni chumvi iliyo mezani.

Fundisho hilo linaihusu Afrika Mashariki pia. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hazikukwanguliwa na mito ya barafu, lakini mvua nyingi, miteremko na umbali kutoka baharini vimefanya kazi inayofanana, na rovu lilienea huko kwa miaka mingi. Katika mabonde yanayofurika mara kwa mara pia upungufu huu hutokea. Mlima ni dalili ya kumtahadharisha mhudumu, lakini si mpaka wa ugonjwa.

Yanayotokea mwilini

Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, ukuaji na maendeleo ya ubongo. Yakipungua, tezi hutanuka ikijitahidi kunasa kila chembe inayopita. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anyonyeshaye mikrogramu 250. Mimba ndiyo kipindi cha hatari zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto hujengwa kabla hajazaliwa, na hasara ya wakati huo haifidiwi baadaye. Uvimbe shingoni ni sehemu tu ya madhara. Mtoto anayeshindwa masomo yaweza kuwa sehemu nyingine.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mhudumu achunguze shingo kwa macho na kwa vidole. Daraja la 0 ni tezi isiyoonekana wala kupapaswa ikiwa imetanuka. Daraja la 1 ni uvimbe unaopapaswa lakini hauonekani shingo ikiwa katika hali yake ya kawaida. Daraja la 2 ni uvimbe unaoonekana wazi. Mgonjwa mwenye uvimbe mgumu au unaokua haraka, sauti iliyokauka, au shida ya kumeza au kupumua, apewe rufaa bila kuchelewa. Mwenye rovu la siku nyingi asijinunulie dawa za iodini, kwani dozi kubwa ya ghafla yaweza kuiamsha tezi kupita kiasi na kuusumbua moyo.

Yanayowezekana nyumbani

Chumvi ya kupikia iwe yenye madini joto, angalau miligramu 15 kwa kila kilo inapofika nyumbani. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moshi wa jiko, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Chumvi ghafi ya rejareja, hata ikiwa nafuu, mara nyingi haina kinga hiyo.

Wagonjwa wa shinikizo la damu huuliza kama ushauri huu unapingana na ule wa kupunguza chumvi. Haupingani. Gramu 5 za chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo humpa mtu mzima mikrogramu zote 150. Hakuna haja ya kuongeza chumvi, bali ile kidogo inayoliwa iwe ya aina inayofaa.

Kinga hii haina siku ya kumalizika. Kijiji kilichosahau sura ya rovu hakijapona ardhi yake: udongo ungali ule ule, na chumvi ikiachwa, ugonjwa hurudi.