MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Somo: Kujitolea kuwa mwenyeji wa kambi ya mlimani



Somo letu la leo linahusu kazi ambayo wengi tumeiona ikifanyika, lakini hatujaipa jina. Ni kazi ya mwenyeji wa kambi. Someni polepole, ikiwezekana kwa sauti mbele ya kikundi, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

Mtu akisimama Morogoro mjini akatazama kusini, anaiona milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga kina zaidi ya mita 2,100. Karibu yake ni Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Mbali zaidi kusini ni Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, chenye zaidi ya mita 2,600. Masika yakiisha, kuanzia mwezi wa Juni, wageni huanza kupanda. Wapo wanafunzi, watalii, na watu wanaotafuta ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine duniani. Wengine hupita Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, wakarudi jioni. Wengine hubeba mahema na kulala huko huko.

Wanapolala mlimani, nani mwenyeji wao?

KOSA TULILOFANYA

Nitawaeleza kosa letu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulipanda mlimani wanachuo saba tukalala huko. Hatukupiga hodi popote. Usiku baridi ilituuma, tukawasha moto chini ya mti mkubwa. Alfajiri tukafukia makaa kwa udongo, tukakanyagakanyaga, tukaona basi, yamezimika. Tukaenda zetu kileleni.

Tuliporudi saa nane mchana tulimkuta mzee mmoja wa kitongoji cha chini. Yuko peke yake, anachimba kwa jembe na kumwaga maji. Moto haukuwa umezimika. Ulikuwa umeingia kwenye mizizi na majani makavu yaliyo chini ya udongo, unatembea polepole bila kuonekana. Mzee aliona moshi akiwa shambani kwake. Alikuwa amepanda na ndoo ya maji mara nne.

Hakututukana. Alituuliza tu, "Hivi wanangu, jana mlilala kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Siku ile mzee alikuwa apeleke ndizi zake sokoni. Hakwenda. Tukachimba pamoja naye mpaka jioni, lakini siku yake ya soko ilikuwa imepotea.

MWENYEJI WA KAMBI NI NANI?

Mwenyeji wa kambi ni mtu anayekaa mahali wageni wanapopiga mahema, kwa muda uliopangwa, ili awapokee, awaelekeze, na kuhakikisha mahali pale panabaki salama. Yeye si askari, wala si mtumishi wa kuwafulia wageni nguo. Ni mwenye nyumba, isipokuwa nyumba yake haina kuta.

Katika nchi nyingine kazi hii inajulikana sana. Marekani, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 1970 ya kuwaruhusu watu wajitolee kazi katika hifadhi za taifa. Leo wapo watu huko wanaokaa kambini majira yote ya joto. Hawapati mshahara. Wanapewa mahali pa kukaa bure, wao wanapokea wageni na kutunza kambi. Wengi wao ni wastaafu wenye pensheni. Hilo tulikumbuke, tutalirudia.

KWA NINI ULUGURU INAHITAJI WENYEJI?

Sababu ya kwanza ni maji. Mto Morogoro, Ngerengere, Mgeta na mito inayojaza Ruvu hupata maji kutoka milima hii. Maji ya Ruvu hunywewa mpaka Dar es Salaam. Mgeni akijisaidia kando ya kijito huko juu, anayeugua tumbo yuko huku chini.

Sababu ya pili ni msitu wenyewe. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Askari wa misitu hawawezi kuwa kila mahali kila usiku.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Mgeni aliyepokelewa vizuri hununua ndizi zetu na stroberi zetu, humlipa kijana wetu anayemwongoza njia, na mwakani huleta wenzake. Ndiyo maana wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

KAZI ZA MWENYEJI

1. Kupokea na kuandika. Mwenyeji awe na daftari. Aandike tarehe, jina la mgeni, anakotoka, idadi ya watu, namba ya kibali, na siku atakayoondoka. Ukungu wa Uluguru hupoteza watu. Mgeni asiporudi, daftari ndilo litakalosema tumtafute wangapi na tangu lini. Mtu asiyejua kusoma na kuandika hawezi kazi hii. Wewe unaweza.

2. Moto. Waonyeshe wageni mahali pamoja tu pa kuwashia, mbali na miti, kama pana ruhusa ya kuwasha. Moto hauzimwi kwa udongo peke yake. Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, rudia tena. Majivu yakiwa baridi kabisa, ndipo uyaguse.

3. Choo. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chemchemi au kijito, na kisiwe upande wa juu wa maji. Pawe na maji na sabuni ya kunawia. Vyombo na nguo visioshewe kijitoni. Maji yachotwe, yakamwagwe mbali.

4. Maji ya kunywa. Yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto kama wa bondeni.

5. Takataka. Alichopanda nacho mgeni ateremke nacho. Chupa za plastiki na makopo visizikwe wala visichomwe.

6. Fedha. Mwenyeji asipokee ada ya hifadhi mkononi. Ada hulipwa panapohusika na mgeni hupewa stakabadhi. Kazi yako ni kuiona stakabadhi na kuandika namba yake. Hapo hakuna atakayekusingizia.

KUJITOLEA SI KUTUMIKISHWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo.

Wazee wa Uluguru wanaikumbuka habari ya matuta. Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwaamrisha wananchi wachimbe matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuzuia mmomonyoko si jambo baya. Lakini watu hawakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, na faida hawakuiona. Mwaka 1955 walikataa, ghasia zikatokea Matombo, na mpango ule ukavunjika. Jambo jema likilazimishwa, watu hulichukia.

Kujitolea ni kutoa kwa hiari kitu unachokijua kipimo chake. Yule mzee wa ndizi alijitolea, lakini sisi tulimnyang'anya siku yake kwa uzembe wetu. Kwa hiyo kijiji kisiseme tu, "Fulani ana moyo, mwacheni akae kambini." Moyo haulimi shamba. Yule mstaafu wa Marekani ana pensheni yake kila mwezi. Mkulima wa Uluguru pensheni yake ni bustani ya mboga, nayo kiangazi inataka kumwagiliwa.

Tena tuangalie sana jambo moja. Mara nyingi mume huandikwa kuwa mwenyeji, halafu mkewe ndiye anayechota maji, anafagia na kupika. Jina la mama halimo daftarini. Huko ni kutumikishwa. Anayefanya kazi aandikwe, na awe amekubali mwenyewe.

TUFANYE HESABU

Kuanzia tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Septemba ni siku 30 + 31 + 31 + 30 = 122. Mtu mmoja akikaa siku zote hizo, shamba lake limekwisha. Wakiwa watu 6, 122 gawanya kwa 6 ni siku 20 kila mmoja, na zinabaki siku 2. Siku 20 katika miezi minne ni siku 5 kwa mwezi. Hizo mkulima anaziweza.

Hesabu ya pili: wageni 4 wanakaa siku 3. Kila mmoja anatumia lita 5 za maji kwa siku. 4 × 5 × 3 = lita 60, yaani ndoo 3 za lita 20. Je, wageni watazichota wenyewe, au watamlipa mtu? Jambo hilo liamuliwe kabla hawajafika.

MAPATANO YAANDIKWE

Kama kambi iko ndani ya hifadhi, zungumzeni kwanza na ofisi ya TFS. Kama iko kwenye ardhi ya kijiji, jambo lipelekwe kwenye Halmashauri ya Kijiji, likajadiliwe na Mkutano Mkuu. Kisha mapatano yaandikwe. Huu ni mfano:

Mimi ............ nakubali kwa hiari yangu kuwa mwenyeji wa kambi ya ............ tangu tarehe ...... hadi tarehe ...... Zamu yangu ni siku ...... kila mwezi. Nitapewa buti, koti la mvua, tochi, daftari na chakula cha siku za zamu. Nikiumia kazini, gharama za matibabu ni za ............ Nikitaka kuacha, nitatoa taarifa siku ...... kabla. Sahihi: ............ Shahidi: ............

Usitie sahihi penye nafasi wazi. Nafasi wazi inaweza kujazwa na mtu mwingine baada ya wewe kuondoka. Soma yote, uliza usilolielewa, na ubaki na nakala yako nyumbani.

Miaka mingi imepita tangu siku ya ule moto. Swali la mzee bado ninalo. Kama tungemkuta mtu pale, mwenye daftari na ndoo ya maji, akatuambia "Karibuni, moto unawashwa hapa," mzee angefika sokoni na ndizi zake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kufukia makaa kwa udongo peke yake ni hatari?
2. Taja mambo matano yanayoandikwa kwenye daftari la wageni.
3. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya matuta ya kabla ya 1955 na kazi ya kujitolea?
4. Watu 8 wakigawana siku 122, kila mmoja atapata siku ngapi, na zitabaki ngapi?
5. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inafanywa na mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote? Mtafanya nini?