Kadi ya Sauti: Ya Ndani Inatosha, au Ununue ya Nje?

Boom likiingia tu, simu yangu inaanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, laptopu yangu sauti mbovu, ninunue kadi gani ya nje?" Kwa kuwa nasaidia kuhariri vipindi vya sauti vya serikali ya wanafunzi, watu wananichukulia kama fundi. Ufundi wenyewe sina, na duka sina. Kwa hiyo jibu langu huwa ni swali: mbovu wapi? Ukisikiliza, au ukirekodi? Chaja ikiwa imechomekwa, au hata ikichomolewa? Wengi hawajajiuliza, na ndiyo maana wananunua dawa isiyo ya ugonjwa wao. Wanachuo wenzangu, makala hii ni ya kukusaidia kujipimia mwenyewe kabla hujatoa hela ya matumizi ya mwezi.

Kadi ya sauti inafanya nini

Kompyuta inajua namba tu. Wewe ukiongea, hewa inatikisika, na maiki inageuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kadi ya sauti ndiyo mkalimani kati ya umeme huo na namba. Inaupima mara maelfu kila sekunde na kuandika kila kipimo. Ukibonyeza kucheza, inafanya kinyume: namba zinarudi kuwa umeme, umeme unaisukuma spika.

CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, na video kwa kawaida 48,000. Idadi hiyo ina sababu. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuinasa sauti yoyote unatakiwa kuipima zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16 au 24. Biti 16 peke yake zinatoa nafasi ya kama desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, ambayo ni zaidi ya inavyohitaji sauti ya mtu anayeongea chumbani.

Kadi hizi zilikuwa vipande vikubwa vya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani. Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989, ndiyo iliyozipa umaarufu; kabla ya kadi za namna hiyo, PC nyingi zilijua kulia "pii" tu. Mwaka 2004 Intel ilitoa utaratibu uitwao HD Audio, na siku hizi kazi yote ile inafanywa na chipu moja ndogo kwenye bodi kuu ya laptopu, mara nyingi ya Realtek. Hiyo ndiyo kadi ya ndani. Na kwa kuwa laptopu haina nafasi ya kuongezewa kipande kingine cha namna hiyo tumboni, ukisikia kadi ya nje ujue ni kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Ya ndani ina uwezo gani

Chipu ya ndani si takataka. Nyingi zinafikia vipimo 48,000 vya biti 24 bila shida. Kwa muziki, sinema, mihadhara ya mtandaoni na vikao vya Zoom, hiyo inatosha kabisa.

Udhaifu wake ni majirani. Inakaa pamoja na prosesa, feni na mitambo ya umeme, na kelele zao wakati mwingine zinapenya hadi kwenye sauti. Udhaifu wa pili ni tundu. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja linalotaka plagi yenye mikanda minne, ile ya hedifoni zenye maiki. Ukichomeka maiki ya zamani yenye plagi ya mikanda mitatu, kimya. Mtu anasema kadi imekufa, kumbe anahitaji kiunganishi cha kugawa tundu kuwa mawili, kitu cha bei ndogo sana.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa. Njia ya maiki ya laptopu imetengenezwa kwa ajili ya kimaiki kidogo cha hedifoni. Maiki za jukwaani, zile za plagi ya pini tatu tunazoziona kanisani na kwenye mikutano, zinatoa umeme wa milivolti chache tu na zinahitaji kikuza sauti kizuri. Na maiki nyingi za kondensa zinahitaji kulishwa volti 48. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu, kwa hiyo sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani.

Za nje ziko za aina tatu

Ya kwanza ni kale kadogo kama flashi, chenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maiki. Kanafaa tundu la laptopu likiwa limevunjika au chipu ikiwa imekufa. Usitarajie maajabu zaidi ya hapo.

Ya pili ni kisanduku cha kurekodia, mfano Scarlett za Focusrite au vile vya Behringer. Kina tundu la pini tatu, kitufe cha kuzungusha cha kupandisha sauti ya maiki, na mara nyingi swichi ya volti 48. Kina pia njia ya kujisikiliza moja kwa moja. Faida yake anaijua anayeimba huku akisikiliza mdundo. Kompyuta hukusanya vipimo kwa mafungu kabla ya kuvishughulikia. Fungu la vipimo 256 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 5 hivi, lakini fungu la 1,024 ni kama 21, na hapo ni kwenda tu, bado kurudi. Ukijisikia umechelewa, mdundo unakupotea. Kisanduku kinakurudishia sauti yako kabla haijapita kwenye kompyuta.

Ya tatu ni maiki ya USB. Hiyo kadi yake imo tumboni mwake, huhitaji nyingine. Vilevile hedifoni za Bluetooth: kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanyika ndani ya hedifoni zenyewe. Anayenunua kadi ya nje ili Bluetooth yake isikike vizuri, hela imeenda bure.

Jipime kwanza

Chukua nusu saa ufanye haya, yote ni bure.

1. Chomeka hedifoni zako kwenye simu au laptopu ya mwenzako. Kama zinakwaruza huko pia, shida ni hedifoni.

2. Rekodi sekunde 30 za ukimya chaja ikiwa imechomekwa, kisha sekunde 30 ikiwa imechomolewa. Programu ya Audacity ni ya bure na inafaa. Kama mvumo unaondoka na chaja, umeshapata dawa: rekodi kwa betri.

3. Zima vikolezo vyote vya sauti kwenye mipangilio, na uweke draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu yako. Ukiweza, washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu bila kuiinstoli. Sauti ikiwa safi humo, chipu yako ni nzima. Ugonjwa uko kwenye Windows.

4. Rekodi sauti yako maiki ikiwa mita moja, kisha ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni. Sikiliza tofauti.

Hicho cha nne ndicho nawaomba msikiruke. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya msemaji inapungua kwa desibeli 6 hivi, lakini ya feni inabaki ileile. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea mahojiano ya utafiti wake, mzee akisimulia historia ya kijiji chao. Laptopu ilikuwa upande wa pili wa meza, feni yake inanguruma, mzee anasikika kwa mbali. Alitaka nimwelekeze kadi ya nje ya kuisafisha ile sauti. Nikamweleza kwamba kadi hufanya kazi wakati wa kurekodi tu. Kilichokwisha kurekodiwa haikigusi. Nilijaribu kupunguza kelele kwa Audacity, tukaambulia kama theluthi moja ya maneno. Kurudia haikuwezekana. Mzee alikuwa ameshafariki.

Kadi ya bei yoyote, ikiwa mezani siku ile na maiki mbali vilevile, isingemwokoa. Simu yake mwenyewe, ikiwekwa karibu na kifua cha mzee, ingemwokoa.

Basi, uamue vipi?

Kama unasikiliza tu na kuhudhuria vipindi vya mtandaoni, baki na ya ndani. Kama tundu limekufa, nunua kale kadogo. Kama unafanya mahojiano, tumia simu au maiki ya kubana kwenye nguo, na upeleke nakala sehemu mbili siku hiyohiyo. Kama unarekodi peke yako kila wiki, maiki ya USB inakutosha. Kama ni kwaya, kaswida, gitaa au wasemaji wawili wenye maiki za pini tatu, hapo kisanduku ni lazima, na mnaweza kuchanga kwa kikundi.

Usidanganywe na namba kubwa za kwenye boksi. Saa moja ya mahojiano kwa vipimo 48,000 vya biti 16, njia moja, ni kama MB 346. Ukiweka 96,000 vya biti 24, njia mbili, saa hiyohiyo inakula zaidi ya GB 2, na mzee anasimulia maneno yaleyale.

Na dukani, nenda na laptopu yako. Chomeka, rekodi, sikiliza, ndipo utoe hela.