Zawadi ya Jamu Isigeuke Sumu

Ifikapo Desemba, maembe kutoka Makueni, Machakos na Kilifi hujaa sokoni na bei hushuka. Akina mama wengi huyapika jamu, wakajaza chupa na kumpelekea wifi, mkwe au jirani. Ni zawadi nzuri isiyo na gharama kubwa. Lakini chupa iliyotayarishwa vibaya yaweza kumlaza hospitalini yule unayempenda.

Adui mkubwa ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Huishi udongoni na hustawi pasipo hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa, ikiwa chakula hakina asidi ya kutosha. Sumu yake haionekani wala hainuki. Mara nyingi dalili huanza baada ya saa 12 hadi 36: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, na shida ya kumeza au kupumua. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Jinsi ya kujikinga:

1. Kusanya mapema chupa za kioo zenye mdomo mpana. Tupa iliyo na ufa na kifuniko chenye kutu.

2. Zioshe kwa sabuni, kisha uzichemshe. Mombasa dakika 10 zatosha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo chemsha dakika 16.

3. Kwa kilo moja ya maembe yaliyomenywa na kukatwa, tia robo tatu kilo ya sukari na maji ya malimau manne. Embe lililoiva sana hupungukiwa na asidi, kwa hivyo usipunguze limau.

4. Pika ukikoroga hadi tone lililowekwa kwenye sahani baridi lisitiririke.

5. Jaza jamu ikiwa moto katika chupa moto. Acha nafasi ya nusu sentimita, futa mdomo, ufunge. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, upange chupa, uzifunike kwa maji na kuzichemsha tena kwa dakika zile zile.

Zikipoa, bonyeza kila kifuniko. Kinachodunda hakikushika. Chupa hiyo si ya zawadi. Iweke kwenye friji muile kwanza.

Usihifadhi vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta na kuviacha kabatini. Maharagwe, mahindi na nyama pia visifungwe kwenye chupa kwa njia hii, kwani maji yanayochemka hayatoshi kuua mbegu za bakteria huyo.

Mwisho, bandika karatasi yenye jina la chakula na tarehe. Mkumbushe mwenzako kuwa ikishafunguliwa ikae kwenye friji. Asiye na friji mpe chupa ndogo itakayoisha upesi, na mwenye kisukari mtafutie zawadi nyingine. Chupa ikifura au ikivuja, itupeni bila kuionja.