Uzee Si Ugonjwa!

Umewahi kukutana na neno la Kiingereza "geriatrics"? Maana yake ni utabibu wa wazee. Lilitungwa mwaka 1909 na Dakta Ignatz Nascher wa New York kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: geras, yaani uzee, na iatrikos, yaani -a tabibu. Dakta huyo alisisitiza kwamba uzee wenyewe si ugonjwa.

Sasa turudi nyumbani, hapa Ubena. Bibi akisema haoni vizuri, tunamjibu, "Aah, bibi, uzee huo!" Kumbe huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mdogo, na bibi akaona tena. Je, bibi yako amepimwa macho? Likizo hii msindikize hospitali.