SOMO LETU: MTOTO MMOJA, MSOMESHAJI MMOJA, DAKIKA 20



Ukipita karibu na madarasa asubuhi utawasikia watoto wakiimba kwa pamoja: "ba, be, bi, bo, bu." Mpita njia atadhani wote wanasoma. Lakini darasa likijaa sana, mtoto asiyejua kusoma hujificha ndani ya sauti za wenzake. Mwalimu hana nafasi ya kumsikiliza peke yake. Mwaka unakwisha, anapandishwa, na huko juu kila somo linamtaka ajue kusoma. Ndipo anapoanza kutoroka shule, na nyumbani anaitwa mvivu.

Kumtambua si kazi ngumu. Usimpe ukurasa aliokwisha kuukariri. Andika silabi mchangani bila kufuata mpangilio: bo, ba, bu. Akilazimika kuanza kuimba kutoka "ba" ndipo aifikie "bo", basi anajua wimbo, kusoma bado. Kisha funika picha ya kitabu kwa mkono. Mtoto anayesema "kuku ana vifaranga" mahali palipoandikwa "kuku anakula" alikuwa anasoma picha.

Mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kukaa naye peke yake. Huko New Zealand, katika miaka ya 1970, mtaalamu Marie Clay alianzisha mpango ambao mtoto wa miaka sita aliyebaki nyuma hukaa na mwalimu wake dakika 30 kila siku, kwa wiki 12 hadi 20. Mpango huo ulienea nchi nyingi. Baadaye wataalamu wengi waliukosoa, kwa kuwa mtoto aliachiwa kubahatisha neno kwa picha na kwa maana ya sentensi. Sisi tuchukue ile desturi ya kukaa na mtoto kila siku, kubahatisha tukuache.

Anayefundisha si lazima awe mwalimu. Kijana wa sekondari, dada au shangazi anayesoma vizuri anatosha, mradi awe mvumilivu. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Kaeni nje, mahali watu wanapowaona, si ndani ya nyumba iliyofungwa. Hilo halina mjadala.

Kata katoni la sabuni upate kadi tano: ma, li, ku, la, ka. Mfundishe mbili tu siku ya kwanza. Akizijua tano zote bila kusita, mpangie maneno: lima, mali, kula, kali, kulima. Mwache azipange mwenyewe pia, kisha aandike neno moja mchangani. Mtoto aliyeunda "kulima" kwa mkono wake hufurahi, na furaha hiyo ndiyo itakayomrudisha kesho. Akikosea, usimpige wala usimcheke. Nyamaza kidogo, mwonyeshe silabi aliyokosea, aijaribu tena. Akishindwa mara ya pili mtamkie, arudie, muendelee. Herufi b na d huwachanganya wengi. Usizifundishe siku moja. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe" zisubiri mpaka silabi nyepesi zimekaa.

Mtoto anayesema Kibembe au Kirundi nyumbani anaweza kutamka "lima" sawasawa bila kujua maana yake. Mwambie maana kwa lugha ya nyumbani.

Je, mzazi ambaye hakusoma? Naye ana kazi. Mwonyeshe mtoto kadi ileile mara mbili, kwa kupishanisha na nyingine. Kama mara ya kwanza alisema "li" na sasa anasema "la", umegundua tatizo bila kujua hata herufi moja. Mweleze yule anayemfundisha. Tena umwondolee mtoto kazi ya kuteka maji kwa dakika hizo 20. Huo peke yake ni msaada mkubwa.

Baada ya wiki chache, kama hakuna hata silabi iliyokaa, usiongeze ukali. Mtazame anavyokaa: je, anasogeza uso karibu sana na kadi? Ukimwita kwa nyuma, anageuka? Sikio linatoa usaha? Mpeleke zahanati apimwe macho na masikio, kisha mwombe mwalimu wa darasa amketishe mbele, karibu na ubao.